Samaki husikia nini, na tumweleze nini mgeni anayegonga kioo?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, na kwa sasa naongoza wageni katika akwaria moja mjini Muscat. Wageni wengi ni familia, na baadhi yao ni wenzetu wanaozungumza Kiswahili. Kila siku nawakataza watoto kugonga kioo, na kila siku naulizwa kama kweli samaki anasikia. Juzi mgeni mmoja mtu mzima aliniambia, "Mbona mashine zenu zinanguruma kutwa nzima na hamzikatazi?" Nikakosa la kusema. Uongozi nao unafikiria kutumbukiza maikrofoni majini ili wageni wasikilize. Niwaelezeje watu sauti ya majini bila kuwadanganya, na hiyo maikrofoni ina faida gani?

JIBU: Marahaba. Mgeni huyo mtu mzima amekuuliza swali lililo bora kuliko yote yanayoulizwa mbele ya tangi, na nitalijibu kwa urefu. Ila kwanza tuelewane samaki anasikia nini hasa, kwa sababu upotoshaji mwingi huanzia hapo: mwongozaji humfanya samaki kuwa mtu mdogo aliyezama, mwenye masikio kama yetu, kisha akaipima kelele kwa masikio yetu sisi. Samaki wote unaowaonyesha wanasikia, na hilo lisikutie shaka. Lakini kinachowafikia kwanza ni mwendo wa maji yenyewe, na kelele inayowahusu kwa saa nyingi zaidi katika jengo lenu, kwa uwezekano mkubwa, inatoka kwenye pampu na si kwenye vidole vya watoto.

Sauti, popote ilipo, ni mtetemo unaopita ndani ya kitu. Hewani hupita kwa kasi ya mita 340 hivi kwa sekunde, na katika maji ya bahari hupita kwa mita 1,500 hivi, yaani zaidi ya mara nne. Kipimo mashuhuri cha mwanzo kilifanywa mwaka 1826 katika Ziwa Geneva, ambako Jean-Daniel Colladon na Charles Sturm walitumia mashua mbili zilizotengana kwa zaidi ya kilomita 13. Upande mmoja kengele iligongwa chini ya maji na baruti ikawashwa papo hapo ili mwanga wake uonekane usiku; upande wa pili mtu alitega sikio kwenye bomba lililozamishwa ziwani na kuhesabu sekunde kati ya mwanga na mlio. Walipata mita 1,435 kwa sekunde, katika maji ya nyuzi 8 hivi. Watoto hukipenda kisa hiki, na unaweza kukitumia, lakini kasi siyo jambo linalomhusu sana samaki wa tangini. Linalomhusu ni mpaka kati ya hewa na maji.

Hewa ni nyepesi na hubonyea kwa urahisi, na maji ni mazito na hayakubali kubonyezwa. Sauti inayosafiri hewani ikikutana na uso wa maji, takriban sehemu 999 kati ya 1,000 za nguvu yake hurudi ilikotoka, na ni sehemu moja tu inayoingia. Kioo au akriliki (plastiki ngumu inayopitisha mwanga) hakisaidii kuupunguza mpaka huo, kwa kuwa hewa na akriliki navyo vimetofautiana mno. Kwa hiyo mtoto anayempigia papa kelele kwa mdomo anawasumbua zaidi wageni wenzake. Kumbuka hata hivyo kwamba sauti iliyokwisha kuingia majini ina shida hiyo hiyo ya kutoka, na ndiyo sababu tangi linaweza kuwa na kishindo kikubwa ndani huku ukumbi wa wageni ukiwa umetulia. Ukimya unaousikia wewe mbele ya kioo hauthibitishi chochote kuhusu upande wa pili.

Kugonga ni jambo jingine kabisa. Kidole, pete au funguo vikigonga ukuta wa tangi, sauti haipitii hewani. Ukuta wenyewe unatikisika, nao umeshikana na maji, na maji yaliyo karibu nao yanasukumwa pamoja nao. Vivyo hivyo kwa vishindo vya miguu kwenye sakafu iliyobeba tangi, kwa mlango mzito unaobamizwa, kwa fundi anayetoboa ukuta wa chumba cha jirani, na kwa pampu iliyofungwa moja kwa moja kwenye zege. Kanuni ya kumpa mgeni basi ni rahisi kuishika: kilichogusana na tangi kinasikika majini zaidi ya kinachopita hewani.

Sasa tuingie kwenye sikio. Samaki hana tundu la sikio wala ngozi ya sikio, na haihitaji. Mwili wake una uzito unaokaribiana sana na wa maji, hivyo mtetemo ukipita, mwili wote husogea pamoja na maji, mbele na nyuma, kwa umbali mdogo mno. Ndani ya kichwa, kila upande, kuna vijiwe vitatu vya chokaa, vizito karibu mara tatu kuliko nyama iliyovizunguka, navyo vimekaa juu ya kitanda cha seli zenye vinywele. Fikiria abiria aliyesimama ndani ya matatu: gari likiondoka ghafla, mwili wake hubaki nyuma kidogo, na mkono ulioshika chuma ndio unaohisi. Vijiwe hubaki nyuma namna hiyo, vinywele vinapinda, na kupinda huko ndiko kunakopelekwa kwenye ubongo kuwa sauti. Kwa samaki, basi, kusikia kumeanza na kutikiswa, na kwa kuwa vinywele vimeelekezwa pande mbalimbali, mtikisiko huo humwambia pia kishindo kimetokea upande gani.

Hapa nina ushauri wa vitendo kabla sijasonga mbele. Nenda soko la samaki la Mutrah, umwombe muuzaji vichwa viwili vitatu vya chewa au vya samaki wengine wenye vichwa vipana, uvipasue polepole nyuma ya macho, chini ya ubongo. Utakuta vijiwe vyeupe, vigumu, vyenye kingo zilizochongeka, na ukikichukua kilicho kikubwa kila upande ukakikausha, una kitu cha kuwekea mgeni kiganjani ambacho kinamweleza kuliko mabango yote. Jodari atakushangaza, maana ni mkubwa wa mwili lakini vijiwe vyake ni vidogo. Mgeni akishakishika, mwambie pia kwamba wataalamu wa uvuvi hukata vijiwe hivyo na kuhesabu pete zilizomo ili kujua umri wa samaki.

Samaki wengi wana nyongeza moja, nayo ni kibofu cha hewa kinachowasaidia kuelea. Hewa iliyomo, tofauti na nyama, hubonyea pale wimbi la sauti linapopita. Kibofu kinatanuka na kunywea, na mtikisiko wake ukifika kwenye sikio, samaki anapata kuhisi mgandamizo wa sauti juu ya ule mwendo wa maji. Kinachoamua ni umbali kati ya kibofu na sikio. Mwaka 1820 Ernst Heinrich Weber, mtaalamu wa maumbile kutoka Ujerumani, alieleza mnyororo wa mifupa midogo unaounganisha kibofu na sikio katika kambare na jamaa zake. Kundi hilo, lenye kambare, samaki wa dhahabu na wengi wa mito na maziwa, ndilo lenye masikio makali: samaki wa dhahabu husikia mitetemo kuanzia 50 hivi hadi kupita 3,000 kwa sekunde. Samaki wengine wengi wa bahari huishia mamia kadhaa hadi 1,000 hivi. Papa na taa hawana kibofu kabisa, hivyo hutegemea mwendo wa maji peke yake, nao huhisi vizuri zaidi sauti nzito. Binadamu kijana hufika 20,000, kwa hiyo ukilinganisha upana wa usikivu sisi tumewazidi. Isipokuwa samaki mmoja wa pwani ya Marekani aitwaye shad, jamaa ya dagaa, ambaye mwaka 1997 ilithibitishwa kuwa hutambua hadi mitetemo 180,000, na inadhaniwa inamsaidia kuwasikia pomboo wanaomwinda.

Wageni wanaosema samaki hawasikii hawako peke yao, kwani hata wasomi waliwahi kubishana hivyo mwanzoni mwa karne iliyopita. Karl von Frisch, yule aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1973 kwa kazi yake juu ya nyuki, alichukua kambare mdogo asiyeona, akawa anampigia mluzi kabla ya kumpa chakula. Baada ya siku kadhaa kambare alitoka kwenye maficho yake aliposikia mluzi tu, chakula kikiwa bado hakijaingia majini. Taarifa ya jaribio hilo ilitoka mwaka 1923. Mimi hukipenda kisa hiki kuliko cha Ziwa Geneva, kwa sababu hakihitaji chombo chochote, na kila aliyewahi kufuga samaki na kuona wanavyokusanyika mtu akikaribia atauliza mara moja: je, walinisikia, waliniona, au walihisi hatua zangu? Swali hilo likitoka kwa mgeni mwenyewe, kazi yako imekwisha nusu.

Kuna mlango wa tatu wa hisia ambao hauhesabiwi kuwa kusikia moja kwa moja, lakini huwezi kueleza kelele bila kuutaja. Mtazame samaki ubavuni, kuanzia nyuma ya shavu hadi mkiani, utaona mstari mwembamba wa vitundu. Ndani yake mna vinyweleo vinavyohisi maji yanavyopita, hasa misukumo ya polepole, na hufanya kazi karibu tu, kwa umbali wa urefu wa mwili wake mara moja au mbili. Kwa mstari huo samaki anajua jirani yake kwenye kundi amegeuka, au kwamba mbele kuna mwamba. Samaki aliyetulia karibu kabisa na ukuta unaogongwa anapata mambo mawili kwa pamoja: kishindo sikioni na msukumo wa maji ubavuni.

Na ukitaka kuona kugonga kunafanya nini, huna haja ya kugonga. Subiri mtoto mmoja akutangulie, na atakutangulia. Samaki aliye karibu atajikunja ghafla mwili wote kwa umbo la herufi C, kichwa na mkia vikielekea upande mmoja, kisha atachomoka kwenda upande wa pili. Kwa jicho huwezi kuzitenganisha hatua hizo mbili, kwa kuwa zote huisha ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Ukirekodi kwa simu kwa mwendo wa polepole utaziona. Zinaamriwa na jozi ya seli kubwa za neva katika shina la ubongo, zilizowekwa kwa ajili ya kumkimbia adui, na hazina muda wa kupima kama adui ni wa kweli. Ukigonga mara nyingi samaki huacha kushtuka, na hapo ndipo mgeni hudhani ameridhia. Amezoea tu. Kwa jodari na wenzake waendao kasi bila kupumzika, mshtuko mmoja kwenye tangi unaweza kuishia kwa kugonga ukuta.

Turudi kwa mgeni wako na mashine. Ana haki. Pampu, vichujio, mashine za kupoza maji, mabomba yanayomwaga maji kutoka juu na mawe ya kupulizia viputo vya hewa vinafanya kazi usiku na mchana, na sehemu kubwa ya kelele zao ni nzito, chini ya mitetemo 1,000 kwa sekunde, mahali hasa ambapo samaki wengi husikia. Tangi lenyewe huongeza utata. Sauti ya mitetemo 100 kwa sekunde ina wimbi lenye urefu wa mita 15 majini, na matangi mengi ni mafupi kuliko hapo. Wimbi halipati nafasi ya kusafiri na kufifia kama baharini, kuta nazo zinatikisika, na pembe moja ya tangi inaweza kuwa na vurugu wakati pembe nyingine imetulia. Ndiyo maana napendekeza muangalie samaki wanakaa wapi kabla ya kuangalia kipimo chochote. Samaki wakiikimbia pembe moja siku zote bila sababu ya mwanga, chakula au mkondo, mfuateni fundi wa pampu.

Je, kelele hiyo inawadhuru? Hapa uwe mwangalifu, kwa kuwa majibu yanatofautiana kwa aina ya samaki, na mwongozaji anayetangaza kwamba kelele inawaua wote atakuwa ameongopa sawasawa na anayesema haina neno. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2004, samaki wa dhahabu walipigiwa kelele kubwa mfululizo kwa siku 21. Usikivu wao ulipungua sana, na ulihitaji siku 14 kurejea. Homoni ya mfadhaiko ilipanda mwanzoni kabisa, kisha ikashuka ndani ya saa moja ingawa kelele iliendelea. Usikivu ulirejea kwa sababu samaki, tofauti na sisi, huotesha upya seli zenye vinywele zilizokufa. Samaki aina ya trauti waliofugwa kwa miezi kadhaa katika kelele za kawaida za matangi ya ufugaji hawakuonyesha kupungua kwa usikivu wala ukuaji, jambo linaloeleweka ukikumbuka kwamba masikio yao si makali. Lakini farasi wa baharini waliowekwa kwa mwezi mmoja kwenye matangi yenye kelele, katika utafiti uliotoka mwaka 2011, walionyesha dalili za mfadhaiko na afya yao ikazorota kuliko wenzao wa matangi tulivu. Farasi wa baharini ni kiumbe anayekaa amejishikiza mahali pamoja. Hawezi kuihama pembe yenye kelele kwa wepesi wa chewa. Kama mnao, matangi yao ndiyo ningeanza nayo.

Dawa zenyewe ni za kifundi na hazina gharama ya kutisha. Pampu iwekwe juu ya mpira na isigusane na msingi wa tangi. Kipande cha bomba laini kiwekwe kati ya pampu na bomba gumu ili mtikisiko usipite. Maji yanayorudi yaingie chini ya uso badala ya kumwagika kutoka juu. Spika za ukumbi zisifungwe kwenye ukuta wa tangi. Jambo la mwisho linanigusa zaidi, kwa sababu akwaria nyingi siku hizi hukodisha kumbi zao kwa harusi na hafla za makampuni. Muziki wa siku hizi una besi nzito ya mitetemo kati ya 40 na 100 kwa sekunde, inayotikisa sakafu na kuta, na hiyo ndiyo sehemu ya muziki ambayo samaki anaipata. Uongozi wenye kibao cha "Usigonge kioo" na spika za besi mita tatu kutoka kwenye tangi unajipinga wenyewe, na wageni wataliona hilo kabla yenu. Usikubali pia hoja kwamba samaki wanapenda muziki. Ni kweli kwamba mwaka 2001 ilichapishwa taarifa ya samaki aina ya carp waliofunzwa kutofautisha muziki wa blues na muziki wa zamani wa Ulaya kwa kupewa chakula, lakini kutofautisha si kupenda.

Kuhusu maikrofoni, ambayo mafundi huiita haidrofoni, nakubaliana na uongozi wenu, kwa masharti. Sharti la kwanza ni kwamba mgeni aambiwe wazi kuwa anachosikia ni kile chombo kinachosikia. Haidrofoni ya kawaida hupima mgandamizo. Haipimi ule mwendo wa maji unaotikisa vijiwe. Kwa papa na taa, basi, inakosa sehemu yote wanayoisikia. Aidha hunasa sauti nyembamba ambazo samaki wengi hawazipati kabisa, kwa hiyo mwombeni fundi aandae nakala ya pili iliyokatwa juu ya mitetemo 1,000 kwa sekunde, na mgeni abonyeze kitufe kuchagua kati ya "masikio yako" na "karibu na masikio ya samaki". Sharti la pili ni mahali pa kuining'iniza: mbali na ukuta, mbali na uso wa maji, waya wake usilale kwenye chuma kinachotikisika, la sivyo mtakuwa mnarekodi chuma.

Sharti la tatu ndilo la msingi. Wekeni kando ya sauti ya tangi lenu sauti ya mwamba wa matumbawe ulio hai. Mgeni atashtuka kwa sababu mwamba haujanyamaza hata kidogo. Unatatarika mchana kutwa na usiku zaidi, kazi ya kamba wadogo wenye gando moja kubwa. Kamba hufunga gando hilo kwa kasi kiasi cha kutoa mchirizi wa maji unaozaa kiputo, na kupasuka kwa kiputo hicho, si kugongana kwa gando, ndiko kunakotoa mlio, kama ilivyoonyeshwa mwaka 2000. Juu ya mtatariko huo kuna milio ya samaki wenyewe: chewa wanaonguruma, samaki wale wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe wakaao ndani ya anemoni (wanyama wa baharini wenye minyiri), ambao hubamiza meno ya taya na kutoa mlio wa kukemea jirani aliyekaribia. Waswahili wa bara hawatahitaji kushawishiwa. Aliyewahi kumtoa gogogo wa Ziwa Victoria kwenye nyavu anajua jinsi anavyolia mkononi, akikwaruza mizizi ya miiba ya mapezi yake kwenye mfupa wa bega.

Milio hiyo ina kazi. Mwaka 2005 watafiti waliofanya kazi karibu na Lizard Island, Australia, walijenga miamba midogo ya vipande vya matumbawe, baadhi wakiichezea rekodi ya sauti ya mwamba usiku na mingine wakiiacha kimya. Samaki wachanga waliotoka bahari kuu walitua kwa wingi zaidi penye sauti. Mwaka 2019 wengine walichapisha matokeo ya kuchezea matumbawe yaliyokufa sauti ya mwamba wenye afya kwa siku 40, na idadi ya samaki waliofika hapo ikawa mara mbili ya penye kimya. Kwa upande wa pili, mwaka 2016 ilionyeshwa katika eneo hilo hilo la miamba kwamba kelele ya boti za injini iliwafanya samaki wadogo wachelewe kumkimbia adui, na walioliwa wakaongezeka zaidi ya maradufu. Mgeni akisikia hayo huku ameshika spika ya sikioni yenye mtatariko wa mwamba, ataelewa kwamba tatizo si sauti kwa jumla. Ni sauti ngeni inayofunika zile zinazomfaa samaki kuishi. Tangi kimya kabisa halingekuwa nyumba ya asili kwao, na tangi la mngurumo mmoja usiokatika nalo siyo.

Kwa wageni wa kwetu unaweza kuongeza jambo lililo karibu nao. Uvuvi wa baruti, ulioisumbua pwani ya Tanzania kwa miaka mingi, ni kelele pia, na ndiyo kelele katili kuliko zote. Mwaka 2015 chombo kilichokokota haidrofoni kando ya pwani hiyo kilinasa milipuko zaidi ya 300 katika uchunguzi mmoja, mingi ikiwa si mbali na Dar es Salaam. Mlipuko hupasua kibofu kile kile cha hewa nilichokieleza juu, na samaki wengi waliopasuka huzama badala ya kuelea, kwa hiyo mvuvi mwenyewe hapati wote aliowaua. Mtu mzima aliyetoka Tanga au Mtwara ataunganisha mara moja mlio alioukuta utotoni na mwili wa samaki aliye mbele yake.

Tahadhari moja ya kiufundi kabla ya kuandika mabango: msiweke desibeli, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti. Desibeli za majini na za hewani zimepimwa kwa vianzio tofauti, na maji yenyewe hubeba sauti kwa namna tofauti, hivyo kwa nguvu ile ile ya sauti tarakimu ya majini huwa kubwa kwa 62 hivi. Mgeni atakayesoma "desibeli 120" kwenye tangi lenu ataifananisha na injini ya ndege, wakati hewani ingekuwa karibu na 58, yaani mazungumzo ya kawaida. Hata hesabu hiyo ya kutoa 62 haimwambii samaki anapata nini, kwa kuwa sikio lake si letu. Andikeni kwa maneno.

Na maneno yenyewe yawe machache. Kwa mtoto aliyeinua ngumi, ningesema: "Huyu hana masikio ya nje, mwili wake wote unatikiswa pamoja na maji. Ukigonga hapa, unamtikisa. Weka kiganja taratibu, usigonge, uhisi mashine yetu inavyotikisa ukuta." Kiganja kikishakaa kwenye ukuta, vidole havigongi, na mtoto amepata jambo la kufanya badala ya katazo tupu. Kama ukuta ni mnene mno hata hatahisi kitu, mpeleke kwenye bomba au kwenye tangi dogo.

Kwa mtu mzima anayeuliza kuhusu mashine, mjibu kwamba amesema kweli: pampu ndizo zinazowapa samaki hewa na maji safi na haziwezi kuzimwa, zina kelele, na mmefanya hili na lile kuipunguza. Lakini liwe limefanyika kweli. Kabla ya kuagiza haidrofoni kwa ajili ya wageni, mwombeni fundi aitumie wiki moja kuyapima matangi yote, pampu zikiwa zinafanya kazi, kisha zikiwa zimezimwa kwa dakika chache ambazo msimamizi wa afya ya samaki ameziruhusu, akianzia kwa farasi wa baharini, kambare na samaki wa dhahabu. Rekodi hizo mbili, pampu ikiwaka na pampu ikizimwa, mzihifadhi: ndizo ningewawekea wageni wazisikilize kwanza.